Sahani ya Ohiaba

Mjini Swedru alikuwepo mwanamke aitwaye Maame Egyirba, mwenye roho nzuri ajabu, ila ilikuwa roho ya kutokea nje. Ndani ya nyumba haikukaa. Ndani walikaa Kwansema, binti wa marehemu mdogo wake, na paka mmoja aliyekonda mpaka kivuli chake kikahamia kwa jirani.

Maame Egyirba aliuza dokono, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, yanayofungwa kwenye maganda ya mahindi na kuchemshwa. Dokono lake lilikuwa na sifa. Mtu akilila Jumatatu, Alhamisi alikuwa bado anacheua kwa furaha. Lakini aliyeloweka yale mahindi ni Kwansema, na aliyebeba ndoo kwenda kuyasaga ni Kwansema, na aliyesimama juu ya sufuria akisonga kwa mwiko mrefu kuliko yeye mwenyewe ni Kwansema huyo huyo. Mama mkubwa wake alifanya ile kazi ngumu ya kukaa sokoni na kupokea pongezi. Madonge yakiisha kufungwa, Kwansema aliachiwa sufuria. Akakwangua ukoko, akala, akaiosha. Akikuta paka amemtangulia, siku hiyo walitazamana tu.

Wengine wangelia. Kwansema aliimba. Ugonjwa wake ulikuwa konseti, ile michezo ya jukwaani inayochezwa nusu kwa maneno na nusu kwa nyimbo, gitaa likilia pembeni. Kundi la Egya Fynn lilipofika mjini, lori lilizunguka na kipaza sauti toka asubuhi, na kwenye njia panda ikasimamishwa mbao iliyochorwa picha: mama wa kambo mwenye meno ya mamba, na binti yatima aliyepiga magoti, machozi makubwa kama mayai ya kanga. Kwansema akipelekwa kuchota maji alizunguka mji mzima ili apite mbele ya ile mbao. Maji yalifika nyumbani yakiwa nusu ndoo na yeye akawa ameshapata kofi lake, lakini picha alikuwa ameiona.

Nyimbo zote alizijua. Jikoni alimcheza mama wa kambo, akamcheza yatima, akamcheza na yule mchekeshaji aliyepakwa rangi nyeupe mdomoni. Mafiga ya jiko ndiyo yaliyokuwa watazamaji, na inasemekana figa moja lilikuwa na tabia ya kucheka kabla ya wakati. Wimbo wa yatima ndio uliomkaa rohoni:

*Ohiaba, Ohiaba, mama kalala udongoni,*
*Ohiaba, Ohiaba, nani ataniita nikale?*

Ohiaba ndilo jina la yule yatima jukwaani. Aliyemcheza alikuwa mwanamume mzima, Ebo Tachie, mwenye koo kubwa na makalio ya matambara. Alipojifunga nguo ya kike na kupiga magoti, wanaume waliooa walisahau walikaa karibu na nani. Watu wa pale hawakukaa kimya wakitazama mtu anateseka. Ohiaba akinyimwa chakula, walipanda jukwaani kumtunza. Huyu alimbandika sarafu ya peni kwenye paji la uso, ikashika kwa jasho, yule alimletea ndizi. Mama wa kambo alirushiwa maganda ya machungwa, na mwanamume aliyemcheza alikuwa na kovu la nanasi.

Katika watunzaji wote, hakuna aliyemfikia Maame Egyirba. Yeye hakuleta ndizi. Alileta sahani ya bati yenye maua ya buluu, juu yake dokono la moto, pilipili, na samaki mzima wa kukaanga, na mkia wake. Kwansema alimtangulia na kigoda kichwani na ile sahani mikononi, harufu ya samaki ikimpanda puani njia nzima. Mbele ya jukwaa mama mkubwa aliipokea sahani, akapanda taratibu ili mji umwone, akamfuta Ohiaba machozi kwa pindo la nguo yake.

"Kula, mwanangu!" alisema, sauti ikifika hadi barabarani. "Kwenu wakikunyima, kwangu chakula kipo! Ningekuwa mimi mama mkubwa wako, ungelala na njaa wewe?"

"Mama ee!" watu wakapiga vigelegele. "Egyirba mama wa watu!"

Na Kwansema, amesimama nyuma na tumbo linanguruma kama lori la Egya Fynn, naye alilia kwa uchungu. "Maskini Ohiaba," alisema. "Dunia mbaya hii."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kujiona yeye mle ndani, mpaka asubuhi moja alipotumwa kupeleka dokono kwenye nyumba walikofikia watu wa konseti.

Alimkuta Ebo Tachie kwenye kigoda, amevaa fulana, ananyoa kidevu. Pembeni yake ile sahani ya maua ya buluu, na juu yake mgongo wa samaki, mweupe, umesafishwa vizuri. Kwansema aliutazama ule mgongo. Akatazama kidevu chenye povu. Akili ikaanza kusogea, taratibu, kama mlango wenye bawaba mbovu.

"Unatazama nini, we mtoto?" alisema Ebo. "Hujaona mwanamke akinyoa?"

"Ulishiba jana?"

"Nilishiba. Yule mama yenu anakaanga samaki kama malaika. Mwambie safari ijayo aongeze pilipili."

"Mimi ndiye niliyekaanga."

"Basi wewe uongeze pilipili."

Kwansema hakuongeza pilipili, akaongeza sauti. Aliimba wimbo wa Ohiaba wote, pale pale uani, mikono imeshika sufuria ya dokono, machozi yakimtoka tangu mstari wa kwanza. Wembe wa Ebo ukasimama shavuni. Kutoka ndani akatoka Egya Fynn, mwenye kundi, mzee mfupi wa kofia, bado anafunga suruali.

"Nani anayemwua kuku?" aliuliza, lakini macho yake hayakuwa ya mzaha.

"Anajua," alisema Ebo kwa shida. "Ila analia mapema. Sikiliza, binti. Usilie kabla ya watu. Wasubiri. Wakianza wao, ndipo wewe udondoshe chozi, moja tu, watu wafikiri wamekuumiza wao. Ukilia wa kwanza, watakuachia ulie peke yako."

Kwansema aliweka sufuria chini, akampigia Egya Fynn magoti. "Egya, nichukue. Nitapika, nitafua. Nitamcheza Ohiaba."

Wanaume wakacheka mpaka jogoo wa jirani akatoka kuangalia.

"Mwanamke amcheze mwanamke?" alisema Egya Fynn. "Sasa watu watalipa kuona nini? Wanawake wamejaa majumbani, bure!"

"Egya, nakuomba."

Mzee alikuwa amelala vizuri, akajisikia kutoa ahadi rahisi. "Haya. Siku mji huu utakapopanda jukwaani kukulisha wewe kama unavyomlisha Ebo, nitakupakia kwenye lori. Mbele, na dereva. Umeridhika?"

Alisema vile kumwondoa mlangoni. Kwansema aliyabeba maneno yale nyumbani kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kigae, akayapulizia kila siku yasizimike. Mwiko ukimshukia begani, alisema moyoni: mbele, na dereva.

Kundi lilirudi Pasaka, na Jumatatu yake wakacheza mchana katika ua wa hoteli, maana watu walikuwa wamevaa na hawakuwa na pa kwenda. Bahati ikawa Maame Egyirba ameteguka mguu kanisani, akiwahi mstari wa mbele. Alikaa kwenye kigoda, mguu umefungwa majani ya dawa kama dokono. Ohiaba alipofika kwenye kupiga magoti, mama mkubwa alimkabidhi Kwansema sahani.

"Panda wewe. Useme kwa sauti: hii imetoka kwa Maame Egyirba. Na ukigusa huyo samaki, nitajua."

Kwansema akapanda. Mbao za jukwaa zilikuwa za moto chini ya nyayo. Ebo Tachie alinyoosha mikono yake yenye manyoya kupokea sahani, lakini sahani haikuja. Alivuta. Haikuja.

"Leta, we," alinong'ona kwa kona ya mdomo.

Kwansema aliugeukia ua mzima, sahani kifuani, akaimba. Sauti ya wimbo ni ile ile, maneno yalikuwa yake:

*Mama kalala udongoni, dada yake yupo sokoni,*
*Madonge yamekwenda naye, mimi nimebaki na ukoko.*
*Ukoko nikiukosa, ninaulamba mwiko,*
*Mwiko ukinichoka, unanilamba begani.*

Akashusha nguo upande mmoja, akaonyesha bega. Alama zilikuwepo, mpya juu ya kuukuu.

Wanaosimulia husema kwamba hata nzi walitua wasikilize. Mpiga gitaa alikosa la kufanya, vidole vikamfuata binti vyenyewe. Mwanamke mmoja huko nyuma akatoa kilio, na mwingine akakipokea. Kwansema akawasubiri. Walipoanza kulia wote ndipo likamdondoka chozi lake, moja.

Ebo Tachie aliona mlo wake unamponyoka, na wimbo pia. Lakini hakuwa mgeni jukwaani. Akamkumbatia Kwansema shingoni, akalia kwa ile sauti yake ya kike: "Dada yangu! Kumbe na wewe! Yule mwanamke ametutesa sote wawili!" Na akamwonyesha kidole mama wa kambo wa mchezo, yule mwenye kovu la nanasi, ambaye alikuwa amekaa pembeni anapumzika.

Hapo ndipo jambo lilipoharibika. Maganda ya machungwa yakaruka kumwendea yule bwana. Watu wakapanua vifua kwa nafuu, maana kwa muda ule mfupi walikuwa wameanza kutazamana. Kumbe ni konseti! Wakapanda jukwaani kama siafu. Wakambandika Kwansema peni kwenye paji la uso, mashavuni na shingoni, mpaka akang'aa kama samaki. Bessiwa, jirani muuza mawese, aliyesikia mwiko ule kupitia uani miaka yote, alikuja na machozi yanamchuruzika, akamlisha kwa mkono wake nyama ya samaki yule yule.

"Kula, mwanangu," alisema Bessiwa. "Unajua kulia, wewe! Utafikiri kweli!"

"Ni kweli, Maame Bessiwa."

"Hee! Msikieni! Hata kutoka kwenye mchezo hataki!"

Kisha umati ukapisha njia. Maame Egyirba alikuwa anakuja, anachechemea, mguu wa majani unaacha majani. Alipanda peke yake, bila kushikwa. Kwansema aliona macho ya mama mkubwa, akajifunika bega. Lakini yule mama aliugeukia mji, akamvuta mtoto kwenye matiti yake makubwa, akasema huku analia, na machozi yalikuwa machozi kweli, yenye chumvi na kila kitu:

"Huyu ni wangu! Mtoto wa marehemu mdogo wangu! Nimemlea mimi! Mnaona nilivyomfundisha?"

Ua ukalipuka. Waliopiga vigelegele walipiga, waliotupa vitambaa walitupa. Mkono wa Maame Egyirba, ule wa nyuma usioonekana na watu, ulikuwa umelishika bega pale pale penye alama, na unabana.

Mchezo ulipokwisha, wakati wapigaji muziki wanapakia ngoma, Kwansema alimkuta Egya Fynn kwenye lori. Alisimama upande wa mbele, karibu na mlango wa dereva.

"Egya, mji umepanda. Umenilisha."

Mzee hakumtazama. Alikuwa anakaza kamba.

"Mji umemlisha Ohiaba," alisema. "Wewe ulikuwa umesimama karibu naye."

"Egya, waliona bega langu."

"Nami nimeliona, binti." Hapo akasimamisha kamba. "Nimeliona. Sasa nieleze. Mwanamke amekusifu mbele ya mji mzima, amelia, mji umelia naye. Nikikupakia mimi, kesho nitaitwa nani? Mwizi wa watoto wa wanawake wema. Siku nikirudi Swedru hii, sitatoka na meno yangu. Ungenyamaza ukaja usiku kwa miguu yako, labda. Lakini wewe umeimba."

Ebo Tachie alikuwa ameshakaa mbele, na dereva. Alikuwa na peni za Kwansema kwenye kofia, maana kinachobandikwa jukwaani ni cha kundi. Alimtupia ndizi moja kupitia dirishani. Haikuwa dharau, alikuwa na huruma kiasi cha ndizi moja. Lori likaondoka na kipaza sauti chake, linaimba.

Siku iliyofuata mama mkubwa alimpa mwiko wa wimbo ule, ubeti kwa ubeti. Kwansema alilia kwa sauti, wala hakusubiri mtu. Na vichwa vikachomoza juu ya ua wa makuti, Bessiwa wa kwanza.

"Jamani njooni! Kwansema anafanya mazoezi!"

"Kwansema, imba ile ya bega!"

"Egyirba nawe, unamcheza vizuri mama wa kambo! Mpaka nimekuchukia!"

Wakapiga makofi. Wakapiga makofi kwa mapigo ya mwiko, maana mkono wa Maame Egyirba ulikuwa na mapigo mazuri. Mtoto alipoita, "Nisaidieni, ananiua," wakaitikia kama kiitikio cha wimbo. Maame Egyirba mwenyewe alishangaa mwanzoni. Baadaye akazoea. Akaanza kumpigia nje, penye kivuli, ambapo watu waliona vizuri.

Kwansema aliacha kuimba. Hakutangaza, aliacha tu, jinsi kisima kinavyoacha maji. Lori la Egya Fynn likija na kipaza sauti, alijiziba masikio kwa unga wa dokono. Aliolewa na fundi wa magari huko Nyakrom aliyempenda kwa sababu ya utulivu wake, kisha akamwacha kwa sababu hiyo hiyo. Alirudi Swedru na kilema cha bega ambacho mvua ikikaribia kilimwambia kabla ya mawingu. Mama mkubwa alikuwa amezeeka na hana mtu mwingine, wala Kwansema hakuwa na kwingine. Akaushika mwiko. Alimlisha yule bibi kwa miaka, uji laini, kwa kijiko, na kila kijiko yule bibi alilalamika kwamba kina chumvi.

Hata alipokata roho, Maame Egyirba aliikata mdomo ukiwa wazi, anataka kusema jambo kuhusu chumvi.

Mazishi yakawa ya kupendeza. Mji ulivaa nyekundu na nyeusi, wakamlaza marehemu kwenye kitanda cha shaba, na dhahabu ya kuazima. Mwanamke wa pale haendi kaburini bila nyimbo za kilio, na wa kumlilia ni binti wa ukoo. Kwa hiyo nyuso zote zikamgeukia Kwansema, ambaye Swedru nzima ilikumbuka alikuwa na sauti.

"Haya, Kwansema," alisema Bessiwa, ambaye sasa alikuwa na meno machache na machozi mengi. "Mlilie mama yako. Mpe safari."

Kwansema alisimama kwenye kichwa cha kitanda. Alimtazama marehemu, akautazama na mkono ule wa kulia, uliovishwa pete ya mtu. Alitafuta moyoni chozi moja, na hakulikuta. Alitafuta hasira, nayo alikuta ni majivu tu, yaliyopoa zamani. Watu walikuwa wanangoja. Basi akafungua kinywa na kuimba, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka ile:

*Mama mkubwa, mama mkubwa, umelala udongoni,*
*Mama mkubwa, mama mkubwa, nani ataniita nikale?*

Sauti ilitoka nzima, kana kwamba ilikuwa imehifadhiwa kwenye chumvi. Wazee wakashika vichwa. Wanawake wakaanguka juu ya mabega ya wenzao. Yeye alisubiri, macho makavu, akawasikiliza wanavyoanza, upande huu kisha upande ule, na walipokuwa wote ndani ya kilio ndipo alipodondosha lake, moja tu. Wakamwendea kumtunza. Wakambandika shilingi kwenye paji la uso, na kwa kuwa lilikuwa kavu, zikawa zinaanguka, wakaziokota na kumbandika tena.

"Angalia alivyompenda," walisema.

"Mtoto halii hivi kama hakulelewa."

"Hiki si konseti," alisema Bessiwa, akijifuta. "Mimi konseti naijua. Hiki kinatoka ndani."

Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa kugawa vitu vya marehemu. Nyumba ilikwenda kwa mjomba wa Kumasi ambaye hakuna aliyemjua. Nguo nzuri zilikwenda kwa waliozikaribia mapema. Mwisho mzee mmoja alinyanyua sahani ya bati yenye maua ya buluu, bati limechubuka ukingoni.

"Hii apewe Kwansema," alisema. "Marehemu alilisha nayo yatima. Na hakuna aliyemlilia kama yeye."

Ukoo wote ukaitikia kwamba ni haki. Kwansema aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema asante. Hakuwa ametia kitu kinywani toka asubuhi, maana msiba mkubwa una kazi nyingi. Alizunguka nyuma ya nyumba kwenye masufuria ya msiba. Samaki walikuwa wamekwisha. Dokono lilikuwa limekwisha, wageni walilisifu sana.

Akainamisha sufuria kubwa kwenye mwanga. Akaweka sahani chini kando yake, akatafuta mwiko, akaanza kukwangua.